Nani Atangulie

Katika kaunti ya Homa Bay, maandishi yanayosumbua vichwa kuliko yote ni tangazo la kifo. Ni aya moja tu. Litasomwa redioni kwa Kijaluo, litatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na familia ikijiweza litatoka gazetini pamoja na picha ndogo ya marehemu. Lakini kabla halijavuka lango la boma, limepita mikono mingi, na kila mkono umepandisha jina moja na kuteremsha jingine.

Marehemu alikuwa mwana wa fulani na fulani. Mume wa fulani. Baba wa hawa: mmoja yuko Mamlaka ya Ushuru, mmoja Qatar, mmoja amebaki nyumbani. Ndugu wa wale, shemeji wa wale wengine, babu wa wengi. Mgeni ataona orodha ya majina. Mwenyeji anaona boma zima limepangwa nyumba kwa nyumba, na anajua papo hapo nani amesahauliwa. Mke mkubwa, mikayi, hutajwa kwanza hata kama marehemu aliimalizia miaka yake mjini na mke wa pili, na huyo wa pili ndiye aliyemuogesha na kumlisha alipokuwa hajiwezi. Mtoto aliyezaliwa nje akiachwa, huenda kesho yake wakili akafika mochari na amri ya mahakama mkononi. Shangazi aliyeolewa mbali akiwekwa chini ya mdogo wake, atakuja, atalia, atakula, ataondoka, na habari hiyo itasimuliwa mwaka mzima.

Nilimtazama katibu mmoja wa kamati ya mazishi, karibu na Oyugis, akiifanya kazi hiyo. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa na daftari la shule, penseli na raba; kalamu ya wino ilikuwamo mfukoni mwa shati lakini hakuitoa. Aliketi kwenye kigoda kando ya mjane mkongwe, mama wa boma, akamsomea majina polepole, na macho hayakuwa kwenye daftari. Yalikuwa usoni mwa yule mama. Alipofika kwenye jina ambalo mama alilipokea kwa kimya kirefu kidogo kuliko mengine, alisimama.

"Mama, hapa pana neno?"

"Mwalimu, huyo aliyeolewa Kosele umemlaza chini ya mdogo wake."

"Nampandisha sasa hivi, Mama. Na wa Rongo?"

"Wa Rongo mwache alipo, mwenyewe hajali. Ila mumewe anajali. Mtaje na mumewe."

Raba ikapita, penseli ikafuata, akasoma tena tangu mwanzo. Hakuna aliyempigia makofi, na wala hakuna aliyejua kwamba hapo ugomvi mmoja wa ukoo ulikuwa umezimwa kabla ya kuwaka.

Watu husema matanga ya huku ni ghali, na hawajakosea. Husema ni marefu, nalo pia ni kweli. Mimi nimeyatazama kwa muda mrefu kama mtu anavyomtazama fundi seremala kazini, na ninaloliona ni kwamba ufundi wote wa matanga umo katika kujua nani atangulie. Katika boma la Mjaluo mke mkubwa ndiye hupanda mbegu kwanza. Kaka mkubwa ndiye hutangulia kutoka kwa baba na kwenda kuanzisha boma lake. Mavuno yana zamu, kujenga kuna zamu, kuoa kuna zamu. Zamu hizo zimetawanyika katika misimu na miaka, kwa hiyo mtu anaweza kuishi nazo bila kuzifikiria sana. Siku ya mazishi zinakutana zote kwa saa chache, juani, mbele ya majirani na wakwe, na lazima awepo mtu wa kuzipanga bila kuonekana kwamba anazipanga.

Anayedhani haya ni madogo akumbuke kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyo mashuhuri wa Nairobi alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, na mwili ukakaa mochari miezi mitano mpaka ulipozikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na alikuwamo pia Albert Ong'ang'o, mchimba kaburi. Imenifurahisha siku zote kwamba mahakama iliwaweka kizimbani wote wawili. Mwanafalsafa alieleza mila. Mchimba kaburi alieleza aliyoyasikia akiwa na jembe mkononi.

Kwa kawaida kamati huwa mbili, moja ya mjini na moja ya nyumbani. Ya mjini hukutana jioni baada ya kazi, kwenye ukumbi wa kanisa au uani mwa hoteli, na kazi yake kubwa ni fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mchango hauhitaji tena bahasha wala safari. Mhazini hubandika orodha kwenye kundi kila usiku, jina na kiasi, na anayeahidi bila kutuma anaonekana na wote. Kamati ya nyumbani hushika mambo ambayo fedha peke yake haiyawezi: kuni, maji, ng'ombe, mahali pa kaburi, wazee. Kati ya kamati hizo mbili kuna simu nyingi na kutoelewana kwingi. Wa mjini huulizia bei ya hema. Wa nyumbani wanauliza kama mjomba wa marehemu amekwisha kuambiwa, na ameambiwa na nani.

Makaratasi ni mepesi kwa anayeyajua. Aliyefia hospitalini hupewa taarifa ya kifo na hospitali. Aliyefia nyumbani huandikiwa na naibu wa chifu. Kitambulisho hurudishwa, kibali cha mazishi hutolewa. Kinachochelewesha ni bili ya hospitali, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kigumu ni kuchagua siku. Swali la kwanza la katibu mzoefu ni kanisa la marehemu. Waadventista wa Sabato wako Gendia, kando ya Kendu Bay, tangu mwaka 1906, alipofika mmisionari Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo kutoka Malawi, na hadi leo sehemu kubwa ya Karachuonyo na ya Kisii jirani hufuata kalenda yao. Hawaziki Jumamosi. Wakizika Ijumaa, basi udongo uwe umefunikwa na watu wamekwisha kunawa mikono kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato inaingia. Ratiba ya Ijumaa ya Wasabato ndiyo ratiba ninayoiheshimu kuliko zote, maana haina pa kunyooshea miguu. Wakatoliki wa Asumbi wana padri mmoja na misa tatu. Waumini wa Legio Maria, ambao mahali pao patakatifu ni Got Kwer, Migori, alikozikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto mwaka 1991, wana kanzu zao, ngoma zao na saa zao za sala, na mkesha wao hauwezi kufupishwa na mtu aliyetoka Nairobi na saa ya mkononi. Waislamu wa Kendu Bay wao wamekwisha kuswali na kuzika siku ile ile, na jirani zao Wakristo bado wanachagua rangi ya kitambaa cha hema.

Migori ndiko mtihani unakozidi. Mjini humo wanaishi Wajaluo, Wasuba, Wakuria, Waluhya, Wakisii na Wasomali, na wameoana. Nyumba moja inaweza kuwa na marehemu Mjaluo, mjane Mkuria, wakwe kutoka ng'ambo ya mpaka wa Isebania, na bosi Mwislamu ambaye ndiye aliyelipia gari. Kamati nzuri huko huwa na mtu mmoja asiye na cheo, mara nyingi mama wa sokoni, anayejua kila upande hukasirishwa na nini.

Safari yenyewe niipite upesi: karibu kilomita 400 kutoka Nairobi, kupitia Narok na Kisii, gari la maiti mbele, mabasi nyuma, ili mwili ulale nyumbani usiku mmoja. Wanaokwenda Mfangano au Remba huongeza boti, na mwenye boti ndiye anayeamua jeneza likae wapi ili chombo kisielemee upande.

Kaburi huchimbwa usiku huo.

Mahali pamekwisha kuonyeshwa na mzee. Kwa desturi ya wengi, mwenye boma huwekwa upande wa kulia wa nyumba ya mke mkubwa, ukisimama mlangoni ukatazama lango. Mke huwekwa upande wa kushoto. Mwanamume aliyekufa bila nyumba atajengewa kibanda haraka, ili pawepo mahali pa kumlaza kabla ya kumzika. Mzee haonyeshi kwa kidole hivi hivi. Hutembea, husimama, hurudi hatua mbili, hutazama paa na lango, kisha huchoma kijiti. Vijana wanangoja kimya, hakuna anayemharakisha.

Vifaa ni jembe, sururu, koleo, mtaimbo, karai, kamba na tochi. Udongo ndio unaoamua usiku utakuwa mrefu kiasi gani. Karachuonyo na Ndhiwa kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa na kuwa mgumu, na masika hunata kwenye koleo hadi baada ya kila mtupo koleo lazima likwanguliwe kwa kijiti. Mbita na Suba kuna mawe. Nyatike, kule Migori, vijana wanaoshuka mashimo ya dhahabu ya Macalder na Osiri ndio huitwa, na ukiwatazama utajua mara moja kwamba hawa hulipwa kwa kuchimba: hawazungumzi, hawapumziki ovyo, wanabadilishana wawili wawili ndani ya shimo bila mtu kusema "sasa wewe".

Jambo la kutazama ni pale udongo unapotupwa. Asiyejua huurundika popote. Anayejua huuweka upande mmoja tu, mbali kidogo na mdomo wa kaburi, kwa sababu mbili. Ukirundikwa karibu, uzito wake utabomoa ukuta, hasa mvua ikinyesha usiku. Na upande wa pili lazima ubaki safi, maana hapo ndipo watasimama mjane, watoto na mchungaji, na hapo ndipo wabeba jeneza watatafuta pa kukanyaga wakiwa hawaoni miguu yao. Nilimwona kijana mmoja akiachia koleo saa nane usiku, akabeba jeneza lisilokuwapo pamoja na mwenzake, hatua kwa hatua kando ya shimo, kisha akasogeza jiwe moja.

Urefu walikuwa wamekwisha kuupata: mtu alikwenda mochari na kamba, akaipima kwenye jeneza, akafunga fundo. Kamba hiyo hulazwa kaburini na kuongezwa nafasi ya mikono ya wanaoteremsha. Familia ikitaka kaburi la tofali, fundi mwashi huingia chini na uzi na timazi, na huacha ukingo kuzunguka chumba cha jeneza ili mabamba ya zege yakae juu yake. Asubuhi kuta zimenyooka. Nani ataziona? Zitatazamwa kwa dakika chache, kwa machozi, kisha zifunikwe milele. Huko Rusinga Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amejengewa kaburi la fahari ambalo wageni huja kuliona. Lakini kwa kuta zilizonyooka za usiku mmoja sijaona mtu akipiga picha.

Wachimbaji hulishwa nyama na hupewa kitu cha kutia joto kifuani. Kaburi likishakuwa wazi haliachwi peke yake. Mmoja hukaa kando yake na blanketi hadi kuche.

Lipo pia jambo ambalo halimo kwenye kijitabu cha ratiba. Marehemu akiwa mzee mwenye boma, vijana huswaga ng'ombe hadi mpakani au porini, na mikuki na matawi, wakipiga kelele za kukifukuza kifo. Ndiyo tero buru. Makanisa mengine hayaipendi. Katibu mzoefu haiandiki popote. Ila ukitazama ratiba yake utakuta pengo la saa moja lisiloelezwa, na hakuna mchungaji aliyewahi kuliuliza.

Na pasipo mwili je? Ziwa humeza wavuvi, na si wote linaowarudisha. Hapo Wajaluo huchukua tunda la yago, lile refu na zito la mti ambao wengine huuita mwegea, wakalizika mahali pa mtu. Ndivyo walivyofanyiwa pia waliokufa vitani mbali na kwao. Jambo linaloniacha nikishangaa ni kwamba mpangilio haupungui hata hatua moja. Mzee hutembea na kuchoma kijiti vilevile. Kaburi huchimbwa kwa urefu wa mtu. Wakwe huja, hulakiwa langoni, huketi panapowastahili.

Ndiyo maana Ken Okoth alipochomwa, watu wengi wa huku walibaki wakiulizana. Mbunge huyo wa Kibra, ambaye ukoo wake ni wa Homa Bay, alifariki tarehe 26 Julai 2019, na baada ya mahakama kuisimamisha shughuli kwa muda mfupi, mwili wake ukachomwa Kariokor, Nairobi, mwanzoni mwa Agosti. Alikuwa ameyataka hayo mwenyewe, kwa maelezo ya familia. Huko huko Kariokor ndiko alikochomwa Wangari Maathai mwaka 2011 na Bob Collymore wa Safaricom mwezi mmoja kabla ya Okoth. Nimesikia wazee wakilipinga jambo hilo kwa hasira na vijana wakilitetea kwa hesabu ya gharama. Mimi naona lililowakera wazee wengi halikuwa moto. Lilikuwa hili: kijiti kichomwe wapi? Mtu aliyezika yago anaweza pia kuzika kopo la majivu, na sidhani itachukua muda mrefu kabla ukoo fulani haujatulia ukapanga namna ya kufanya hivyo. Fundi hupata kazi mpya akaisomea.

Lililowashinda watu kabisa ni la Aprili 2020. Serikali ilikuwa imeagiza waombolezaji wasizidi 15 kwa ajili ya korona. Huko Ukwala, Siaya, mwanamume mmoja aliyedhaniwa kufa kwa ugonjwa huo alizikwa usiku na maofisa waliovaa mavazi ya kujikinga, ndani ya mfuko, kaburini pasipo na kuta za kusema. Video ilizagaa kila kijiji hadi Migori. Niliyazungumza hayo na mchimba kaburi mmoja wa Ndhiwa, na hakulalamikia ugonjwa wala serikali. Alisema udongo walikuwa wameutupa pande zote mbili.

Sasa jikoni, ambako ndiko mimi hupenda kukaa.

Wapishi ni wake walioolewa katika boma hilo, wakisaidiwa na mabinti waliorudi na majirani. Sufuria kubwa, sahani na mara nyingi viti na hema ni mali ya chama cha akina mama, vilivyonunuliwa kidogo kidogo kwa michango ya kila wiki, kwa ajili ya siku kama hii. Anayeongoza jiko hana karatasi. Hesabu yake iko katika gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na magunia ya kilo 90, na macho. Asubuhi humtuma mtoto akahesabu bodaboda zilizoegeshwa njia panda. Zikiwa nyingi kuliko alivyotarajia, anaongeza maji kwenye sufuria ya maharagwe na kumwambia mchinjaji asigawe nyama ya shingo bado. Wanaume wa kamati watakuja na idadi yao iliyopigiwa kura mkutanoni. Atawaitikia kwa adabu na kufuata idadi ya bodaboda.

Ugali wa matanga hausongwi na mtu mmoja. Sufuria hukaa juu ya mafiga matatu ya mawe makubwa, maji yakichemka hasa, na unga huingia kwa awamu. Wanawake wawili huingiza miiko yao mirefu kila mmoja upande wake, na wa tatu hulishika sikio la sufuria kwa kijiti kilichopachikwa ili isizunguke. Wanasonga kwa kupokezana, mmoja akivuta, mwingine akisukuma, na unga unapoanza kukaza sauti hubadilika: kutoka mchapo wa majimaji hadi mguno mzito. Kiongozi wa jiko anaweza kuwa amewapa mgongo, anakata kabeji, na bado atasema "chini bado" bila kugeuka. Amesikia kwamba unga wa chini haujashikana na wa juu. Kuni huchaguliwa pia. Mti wa moshi mwingi hauruhusiwi, kwa sababu upepo wa mchana unatoka ziwani na moshi wote ungeingia hemani wakati wa wasifu.

Kisha kula, na hapa swali la nani atangulie linarudi likiwa kali kuliko kwenye tangazo. Wachimba kaburi na waliokesha hupata chai kabla ya wote. Makasisi hupewa nyumba yao. Wakwe hawaketi na umma wala hawali nyumbani kwa mama mkwe. Huandaliwa nyumba ya ndugu au ya jirani, na chakula chao hupelekwa na watu maalumu, kikiwa kamili, kikiwa kimefunikwa, kabla hawajaanza kutazamana. Ukitaka kuujua ustadi wa jiko, usitazame foleni kubwa ya umma. Tazama njia ndogo ya nyuma inayokwenda kwenye nyumba ya wakwe, uone kama kuna mtu anayerudi mbio.

Kuhusu hotuba sina mengi. Mfawidhi hodari ni yule anayejua kumpokonya mtu kipaza sauti akimsifu. Majirani huzungumza, wenzake wa kazini huzungumza, wakwe, ndugu, watoto, mjane. Kisha wanasiasa, na hapo ratiba huvunjika. Helikopta ni adui mkubwa wa jiko: ikitua uwanja wa shule jirani, vumbi lote huelekea kwenye sufuria zilizo wazi. Nimeona mama mmoja akiwa amewapanga wasichana wake na vifuniko kila mmoja mahali pake, akisikiliza anga, akitoa ishara kwa mkono. Mheshimiwa aliposhuka, hakukuwa na sufuria iliyo wazi.

Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025, alikuwa ameacha neno kwamba asizidi saa 72 kabla ya kuzikwa, na tarehe 19 alikuwa amekwisha kuzikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Mama Phoebe Asiyo, aliyekuwa mbunge wa Karachuonyo, alikuwa amefia Marekani Julai mwaka huo huo, na hakuzikwa kwao hadi mwezi wa Agosti. Tangu mazishi ya Bondo, hoja ya kufupisha matanga imepata nguvu, na vikao vya kamati huianza kila mara: kama Raila aliweza, sisi ni nani? Naikubali nusu. Wiki tatu za mochari na mikutano zinakula karo za watoto, na zipo familia zilizouza shamba ili kulisha umati uliokwishasahau jina la marehemu. Lakini Raila alikuwa na dola nzima ya kumpangia. Boma la kawaida lina mwalimu mmoja na raba. Zile siku ambazo mhasibu anaziona za bure ndizo siku ambazo yule wa Kosele hupandishwa mahali pake. Ukitaka kuzika kwa siku tatu, inawezekana, bora mwalimu awe amekwisha kuandika daftari lake watu wakiwa hai, na hilo ndilo ambalo hakuna anayethubutu kulianza.

Kamati haivunjwi siku ya mazishi. Hukutana baada ya siku chache, na mkutano huo wachache huuhudhuria. Sufuria zimesuguliwa kwa majivu na kurudishwa kwa chama. Viti vinahesabiwa, daima hupungua viwili au vitatu, na daima hupatikana kwa jirani yule yule. Mhazini husoma mchango wote, jina kwa jina, na mjane au mwana mkubwa huandika upya kwenye daftari lake, kwa sababu kila shilingi iliyoingia siku moja itarudi kwenye matanga ya aliyeitoa, na haipendezi kurudisha pungufu.

Pale karibu na Oyugis pesa zilibaki kidogo. Mwana wa mjini alitaka zinunue saruji na vigae vya kaburi kabla hajarudi kazini. Mjomba alitaka ziwekwe kwa ajili ya rapar, siku ya kumkumbuka marehemu. Mwalimu alimgeukia mama wa boma, daftari likiwa limefungwa magotini, akangoja. Mama akauliza mtoto wa mwisho wa mke mdogo anadaiwa karo kiasi gani. Alipotajiwa, akasema zilipwe hizo kwanza, na saruji ikaahirishwa hadi Desemba.